Kabini ya Watu Wawili

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Eugénie wangu,

Habari kubwa! Meli imekuja Nakivale.

Sawa, si meli. Ni boti ya mbao yenye bati juu, imepakwa rangi nyeupe na buluu. Lakini mwenyewe anaiita meli, na mimi ni nani nimbishie? Mwenyewe ni Bwana Rwakabuba wa Mbarara, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Jana Pasteri Ezira alimruhusu kutangaza baada ya sadaka. Jumamosi ya tarehe 16 atazindua safari ya kuzunguka ziwa, saa mbili nzima, na kwaya yetu itaimba humo. Watu arobaini kwenye mabenchi. Watu wawili kwenye kabini, kwa bei mara tatu ya benchi.

Kabini, Eugénie!

Aliyesoma faida zake ni Vanessa, binti anayemwandikia Rwakabuba orodha. Unaingia wa kwanza, wengine wakikutazama. Unakalia kiti chenye mto. Unapewa soda baridi na mrija wake. Jina lako linaandikwa mlangoni kwa chaki. Kuna pazia. Na kuna taulo. Taulo ya nini? Kanisa zima liliuliza. Vanessa aligeuza karatasi, akatazama na nyuma yake, akasema imeandikwa hivyo tu: taulo.

Appolinaire alicheka mpaka benchi letu likatikisika. Hajabadilika. Fundi cherehani yuleyule, besi ya kwaya, meza yake bado iko ubavuni mwa meza yangu ya pasi pale sokoni Base Camp, na mdomo wake bado hauna kifungo. Alisema mutu mwenye akili hawezi kulipa mara tatu ili aone maji yaleyale. Nikamwambia maji si yaleyale ukiyatazama kutoka kwenye mto. Akasema, "Papa Natanaeli, umekalia kreti ya soda miaka yako yote kumi na miwili ya ukimbizi. Makalio yako yameshitaki fasi gani?"

Nilikuwa mbali. Nilikuwa kwenye ile boti ya Uvira kwenda Kalemie, mwaka tuliooana, tumekaa chini juu ya magunia ya mihogo mikavu. Juu yetu kulikuwa na kabini yenye pazia jekundu, limefungwa tangu asubuhi. Uliniuliza: wale wanafanya nini humo ndani muda wote huo? Nikasema sijui. Nikasema siku moja tutapanda tujue. Ukasema, wewe na ahadi zako.

Basi nimeamua. Karibu kuamua.


Jumanne, 5 Agosti

Mtu hanunui kitu bila kukipima. Leo nimefanya jaribio.

Asubuhi nilikaa saa moja juu ya benchi la kanisa, nje, juani, kama abiria wa kawaida. Mbele yangu niliweka beseni la maji ili niwe na kitu cha kutazama. Matokeo: nililala vizuri sana. Niliamka sina maumivu, na watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wameweka majani ndani ya beseni na kuyaita boti. Yalipendeza.

Mchana niliazima kwa Pasteri kiti chake chenye mto. Nikakaa saa moja ndani ya nyumba, mlango nimeufunga kwa shuka, nikinywa soda kwa mrija. Matokeo: jasho. Mto una chawa wa kuku. Soda iliisha mapema, na baada ya hapo sikuwa na la kufanya. Nilimsikia jirani akisimulia jambo la kuchekesha nje, wakacheka wote, mpaka sasa sijui ni nini.

Nimepima yote mawili bila upendeleo. Benchi limeshinda.

Nitachukua kabini.


Jumatano, 6 Agosti

Mpango wa kwanza. Vanessa alisema kanisani kwamba mgonjwa mwenye karatasi ya daktari hatakalishwa juani. Basi nimeugua. Macho.

Nilitoka mapema kwenda Mbarara, mpaka Ruharo, pale hospitali. Nilijizoeza njiani: macho madogo, kichwa chini, mkono juu ya paji. Mama mmoja alinionea huruma akanishika mkono kunivusha barabara. Haikuwa njia yangu, lakini nilivuka kwa heshima yake, halafu nikarudi.

Daktari ni kijana mpole. Alinisimamisha mbele ya ubao wa herufi, akasema nisome ninachoweza. Eugénie, unajua udhaifu wangu. Tangu darasa la sita hakuna aliyeniita mbele kusoma. Nilisoma mstari wa kwanza. Nikasoma wa pili. Nikanogewa. Nilisoma mpaka mstari wa mwisho, na chini yake nikasoma jina la waliouchapa ubao, na mji wao. Nikageuka nikitabasamu, ningali nimesahau kabisa kilichonileta.

Daktari alisema ana wagonjwa wa miaka ishirini wasio na macho kama hayo. Alinipongeza. Aliniandikia karatasi inayosema mzima.

Appolinaire aliuliza nilikwenda Mbarara kufanya nini. Nikasema kuangalia macho. Akaniuliza, wameyaona?


Ijumaa, 8 Agosti

Ushindi! Andika kwa herufi kubwa, USHINDI.

Nilirudi Mbarara, safari hii Kakoba, kwenye ofisi ya Rwakabuba. Iko kati ya mchomea vyuma na mama anayeuza matoke. Bendera, meza, kalenda ya mwaka juzi. Na mapazia ya kabini, yamekunjwa kwenye kiti kama nguo za mlevi. Na vitambaa vya mito. Na shati jeupe la nahodha, lenye vifungo vya dhahabu, limekunjamana hadi kola.

Nilikaa nikayatazama. Rwakabuba naye akayatazama. Nikamuuliza polepole kama wageni wa kabini watapigwa picha mbele ya mapazia hayo. Akasema ndiyo. Nikasema pole.

Kwa kifupi: ninapiga pasi kila kitu bure, yeye ananipa kabini kwa bei ya benchi.

Halafu akasema sharti. Kabini ni ya mume na mke. Anataka picha ya uzinduzi, Bwana na Bibi kwenye viti, aibandike ofisini. Mtu mmoja peke yake hapendezi kwenye picha, anaonekana kama amegombana na watu. Akaniuliza, "Mzee, mke yuko?"

Nikasema yuko.

Akauliza, wapi? Nikasema Nakivale. Sikudanganya, Eugénie. Uko Nakivale. Uko upande wa juu, karibu na mti wa msonobari, na Jumapili iliyopita niling'oa magugu.

Akauliza kama anapenda safari za majini. Nikasema aliwahi kuniuliza habari za kabini.

Akanipa kalamu. Mara ya mwisho nilikwenda na jina lako kwenye meza ya mtu ilikuwa Base Camp, siku ya kukutoa kwenye karatasi ya familia. Dada wa ofisi ya pale alikuwa mwema. Alipiga mstari kwa rula, taratibu, usipinde. Leo niliandika jina lako chini ya langu, nikakoleza kila herufi. Mpango wangu ni huu: siku yenyewe nitasema Madame ana mafua. Kiti chako kitabaki kando yangu. Nitaweka juu yake kitenge chako cha njano. Tutajua sote wawili kuna nini nyuma ya pazia.

Na hakuna atakayejua.


Jumapili, 10 Agosti

Nimetunza siri. Ni vigumu. Wakati wa maombi nilikuwa natabasamu, Pasteri akadhani nimeguswa.

Baada ya ibada Vanessa alisimama na daftari lake. Kabini imepata watu, alisema, lakini majina hayatasomwa mpaka siku yenyewe. Kelele! Halafu akasema kuna orodha ya akiba, na wa kwanza kwenye akiba ni Appolinaire.

Appolinaire! Aliyesema maji yaleyale! Nilimgeukia. Alikuwa anatazama dari. Alisema amejiandikisha ili tu awe karibu amuone huyo mpumbavu ni nani. Akasema yeye atasubiri bila haraka, binadamu ni binadamu, mutu anaweza kuamka na tumbo.

Tangu hapo sili kitu chake. Amenipa karanga, nimekataa. Amenipa ndizi, nimeikagua, nimekataa.

Watu walimwapisha Vanessa kwamba atafuata orodha kama tunavyofuata sisi: jina linaitwa mara tatu kwa kipaza sauti. Mwenye jina asipoitika mwenyewe kwa mdomo wake, nafasi inakwenda kwa wa akiba. Hakuna cha mafua, hakuna cha nimemwacha nyumbani. Vanessa akaapa. Kanisa zima lilipiga makofi. Unajua sisi wa kambini tunavyopenda orodha inayofuatwa.

Mimi nilipiga kuliko wote.


Jumanne, 12 Agosti

Msiba mdogo. Usicheke.

Mapazia yametoka vizuri, yamenyooka kama karatasi. Vitambaa vya mito, safi. Likabaki shati la nahodha. Nilijaza makaa mapya, nikanyunyiza maji, nikaanza mikono, nikaja mgongo. Hapo Appolinaire, kutoka kwenye cherehani yake, akaanza kuimba ule wimbo wa pambio uliokuwa unauanzisha wewe, na akauanzisha chini mno, kama kawaida yake. Nikasimama kumwambia si hivyo, Eugénie alianzia juu. Nikamwonyesha. Akasema hapana, katikati. Tukabishana. Tukauimba wote mara mbili kujaribu.

Pasi ilikuwa imekaa mgongoni mwa nahodha muda wote huo.

Alama yake ni kamili. Kahawia, imetoboka katikati, ncha juu, kama boti inayokwenda shingoni.

Appolinaire alisema alete kitambaa cheupe atie kiraka, bure. Nikakataa. Najua nia yake. Anataka nidaiwe wema. Nikalipeleka shati kwa nahodha mwenyewe, Aloys, mvuvi wa hapa ziwani, mtu wa maneno machache. Alilishika, akaingiza kidole kwenye tundu. Akasema mbele liko sawa. Akasema hatampa abiria mgongo.

Mtu mwema. Sijawahi kuona mfano wake.


Jumamosi, 16 Agosti

Naandika hii nimerudi, viatu bado vina matope ya ziwa. Nitakueleza kwa utaratibu.

Niliamka kabla ya jogoo wa Pasteri. Suti ile ya harusi ya Gisèle wetu. Kitenge chako cha njano nimekipiga pasi kwa joto dogo, nimekikunja mara nne, nimekitia kwapani. Ufukweni watu wamejaa, kwaya imevaa sare, boti inang'aa. Nahodha Aloys alikuwa anapokea watu. Kweli hakumpa mtu mgongo. Alipotaka kwenda kwenye injini alikwenda kinyumenyume, akitabasamu, akijigonga. Watu walisema huyu nahodha ana adabu ya ikulu.

Vanessa akapanda juu ya ndoo. Kipaza sauti. Kabini kwanza, alisema, ndiyo faida namba moja. Akasoma: Natanaeli!

Nikaitika. Minong'ono. Appolinaire alifumba macho kama mtu aliyepata jibu la hesabu. Nikapita mbele ya wote, kidevu juu. Faida hiyo ni ya kweli, nakiri. Ilidumu hatua tisa.

Halafu Vanessa akasoma: Eugénie!

Kwaya ilikuwa inajaribu sauti. Ikanyamaza. Hawa ndio waliokubeba. Nilianza kusema Madame ana mafua, lakini mafua hayakutoka mdomoni.

Eugénie! Mara ya pili. Kipaza sauti kile kina nguvu. Jina lilikwenda juu ya maji, ndege weupe wakaruka kutoka kwenye mafunjo. Mwaka mzima hakuna aliyeliita jina lako kwa sauti. Watu husema marehemu, husema mama yule, husema pole. Wananionea huruma, hawalitaji. Nilikuwa nimesahau kwamba ni jina la kuita, kwamba lina mwisho wa kuvuta.

Eugénie! Mara ya tatu. Aliuvuta mwisho.

Nilisimama na kitenge kwapani. Nikajua sasa, mbele ya watu sitini, nini maana ya kuipigia makofi sheria ile kanisani. Miaka kumi na miwili naishi kwa orodha! Ningeweza kumwomba asome jina moja tu. Ningeweza kuuliza mtu. Vanessa alitazama huku na huku, akapiga mstari, akasoma akiba namba moja.

Appolinaire akasema, "Présent." Kidogo tu. Si kama mtu aliyeshinda.

Tuliingia. Jina la mlangoni lilikuwa limeandikwa tayari, Bwana na Bibi Natanaeli. Nilikuwa na hasira, Eugénie. Kwenye kiti chako niliweka kitenge haraka, kabla hajakaa. Nikamtazama aone. Alikiona. Alikijua, yeye ndiye aliyekushonea. Alikinyanyua kwa mikono miwili, akakaa, akakiweka magotini. Na hakukitoa hapo safari nzima, hata soda hakuitua juu yake.

Sasa kuhusu kabini. Uliuliza, nakujibu.

Injini iko chini ya viti. Mto unatetemeka mpaka meno. Moshi unapenya katikati ya mbao. Soda ilikuwa baridi walipoiweka, ikawa chai. Pazia wamelipigilia misumari juu na chini lisipeperuke, na kwa vile nililinyoosha vizuri, halikuacha hata mwanya. Giza. Huko nje watu wanapiga kelele, "Viboko! Viboko! Yule ana mutoto!" Kwaya inaimba, inaacha, inacheka. Samaki anakaangwa. Tunasikia harufu.

Appolinaire alipata tundu. Msumari mmoja ulikuwa umeng'oka, tundu la ukubwa wa punje ya mahindi. Tukapanga zamu. Zamu yake aliona maji. Zamu yangu niliona sketi ya mwimbaji wa sauti ya pili, muda wote, hakusogea.

Wale wanafanya nini humo ndani muda wote huo? Eugénie, wanatafuta tundu la kuchungulia nje. Labda siku ile Kalemie walikuwa wanatutazama sisi kwenye magunia.

Katikati ya ziwa kwaya ikaanza ule wimbo wako wa pambio. Walianza chini. Mimi na Appolinaire tukapiga ukuta wa mbao kwa pamoja, tukapaza sauti, juu! Anzeni juu! Wakasikia. Wakaanza upya, juu, palepale pako.

Nikajua kazi ya taulo. Appolinaire alisema ni moshi. Nikasema ni moshi. Alisema moshi mbaya sana, naomba na mimi kidogo.

Mpiga picha wa Rwakabuba alifungua mlango akitafuta mume na mke. Akakuta wazee wawili macho mekundu, mmoja ameshika kitenge cha njano. Akasimama kidogo. Akapiga.


Jumapili, 17 Agosti

Nimetafakari kwa utulivu. Kabini haifai. Waliokaa benchi waliona viboko kumi na mmoja, walikula samaki, walirudi na hadithi. Mimi nimerudi na harufu ya dizeli na mgongo. Jibu limepatikana, ahadi imetimia, na sitadanganywa tena na pazia maisha yangu yote. Niliandika sentensi hiyo asubuhi, kabla ya ibada, nikaipigia mstari chini yake.

Baada ya ibada Rwakabuba alitangaza. Amefurahi. Mwezi wa kumi ni safari ya pili, na kabini inajengwa upya, juu ya bati. Ngazi yake peke yake. Na dirisha.

Dirisha la kioo!

Kabla hajamaliza nilikuwa kwa Vanessa. Nimemwambia nitapiga pasi mapazia yote, na shati jipya la nahodha pia. Alisema nahodha ameomba shati lake alipige pasi mwenyewe. Sawa. Nikachukua kalamu, nikaandika jina langu, na chini yake nikaandika Eugénie.

Vanessa alinitazama. Wamemweleza sasa. Akasema polepole, "Papa, lakini Madame hataitika." Nikasema najua. Nikasema sheria ni sheria, aite mara tatu, na asisahau kuvuta mwisho. Akauliza basi nani akiba. Nikamwandikisha mwenyewe, Appolinaire, namba moja. Yuko mlangoni pa kanisa sasa hivi akiwaambia watu kwamba kupanda juu ya bati kuona maji yaleyale ni wazimu, na kwamba mutu mwenye akili hawezi.

Ile sentensi ya asubuhi nimeiacha hapo, sikuifuta. Imeandikwa vizuri.

Eugénie, Oktoba tutaona viboko. Ukisikia jina lako likipita juu ya maji, hata kama wewe hutaitika, unikumbuke.